Shajara ya mradi wa kitini: jinsi samaki na wanyama wengine wanavyotambua amino asidi kwa ladha

14 Januari

Leo tumekubaliana kuhusu mipaka ya kitini. Kitajibu swali moja tu: mnyama hutambuaje, kwa kuonja, kwamba kitu kilicho mbele yake kina vijenzi vya protini? Wasomaji wetu ni wa makundi mawili, yaani wafugaji wa samaki wa Kanda ya Ziwa wanaonunua au kujitengenezea chakula cha samaki, na wanafunzi wa biolojia wa kidato cha tano na cha sita, ambao masomo yao kuhusu ladha huanzia na kuishia kwenye ulimi wa binadamu.

Jambo la kwanza kuwekwa wazi ni kwamba protini yenyewe haionjwi kwa njia tunayoieleza. Protini ni mlolongo mrefu wa amino asidi uliojikunja, na ukubwa wake hauiruhusu kuingia katika nafasi ndogo ya kipokezi, yaani kile kitambuzi kilicho juu ya seli ya ladha. Kinachoonjwa ni amino asidi huru, zile ambazo hazijafungwa katika mlolongo wowote na ambazo huyeyuka katika maji au mate. Nyama ya samaki, ya kamba, ya konokono na ya minyoo ina akiba kubwa ya amino asidi za namna hiyo, kwa hiyo popote zinapovuja majini, zinatoa habari ya kuaminika kwamba mwili wa kiumbe uko karibu. Habari hiyo ina uzito kwa samaki, ambaye zipo amino asidi 10 ambazo ni lazima azipate katika chakula kwa sababu mwili wake hauwezi kuzitengeneza kwa kiasi cha kutosha.

Mwenzangu alipendekeza tuanze na ulimi wa binadamu kwa kuwa ndio msomaji anaoujua. Nilipinga, na baada ya majadiliano marefu tumeamua kuanza na kambare. Sababu yangu ni kwamba ulimi wetu ni tawi la pembeni katika habari hii. Mtu anayeanza na ulimi huona ladha kama orodha ya tamu, chachu, chumvi, chungu na umami (ladha ya mchuzi wa nyama), kisha hutafuta kila moja kwa kila mnyama, na akifika kwa samaki orodha hiyo inamponyoka. Anayeanza na samaki huona kwanza mashine ya kutambua amino asidi, kisha huona jinsi koo mbalimbali za wanyama zilivyoirithi, zikaibadilisha au zikaitupa.

28 Januari

Sura ya kambare imekamilika kwa rasimu, na nimeipa kurasa nyingi kuliko tulivyopanga kwa sababu inastahili.

Aliyechunguzwa zaidi ni kambare wa Amerika Kaskazini, Ictalurus punctatus, ambaye hufugwa kwa wingi kusini mwa Marekani. Vinundu vya ladha, yaani vikundi vidogo vya seli zinazoonja, kwake havikai mdomoni tu. Vimetapakaa kwenye midomo, kwenye matamvua, kwenye masharubu na kwenye ngozi ya mwili mzima hadi mkiani, na katika ukoo huo samaki mmoja mzima anaweza kuwa na zaidi ya vinundu 100,000. Mwaka 1967 John Bardach na wenzake walionyesha kwamba kambare wa jenasi hiyo wanaweza kukifuata chakula hadi kilipo kwa kutumia ladha peke yake, hata pale uwezo wao wa kunusa ulipokuwa umeondolewa. Masharubu yakiwa pande zote mbili za kichwa, samaki hulinganisha nguvu ya ladha upande wa kulia na wa kushoto, akageukia upande wenye ladha kali zaidi.

Mwaka 1975 John Caprio alichapisha vipimo ambavyo hadi leo ndivyo msingi wa somo hili. Alirekodi msisimko wa neva zinazotoka kwenye masharubu huku maji yenye amino asidi mbalimbali yakipita juu yake, na akakuta kwamba neva hizo huanza kuitikia kwenye kiwango cha sehemu moja ya bilioni ya moli (kipimo cha wanakemia cha kiasi cha kitu) kwa lita, au hata kidogo zaidi ya hapo. Amino asidi zilizoamsha neva kwa nguvu kuliko nyingine ni L-alanini na L-arginini.

Nilitaka msomaji auone udogo wa kiwango hicho bila kubebeshwa vipeo hasi vya kumi, basi nimefanya hesabu. Moli moja ya alanini ina uzito wa gramu 89. Gramu 1 ya alanini, ikichanganywa vizuri hadi ifikie sehemu moja ya bilioni ya moli kwa lita, inatosha maji ya lita milioni 11 hivi. Bwawa la mita 20 kwa 15 lenye kina cha mita 1 lina lita 300,000, kwa hiyo gramu hiyo moja inatosha mabwawa 37 ya ukubwa huo. Nimeongeza tahadhari ambayo nisingependa mhariri aiondoe: hicho ni kiwango kinachoamsha neva katika maji safi ya maabara, na si kiwango kinachomfanya samaki ale. Maji ya bwawa tayari yana amino asidi zake kutokana na mwani, kinyesi na mabaki, na harufu au ladha mpya lazima ijitokeze juu ya hizo.

Kambare wetu, Clarias gariepinus, ana jozi nne za masharubu na hutafuta chakula usiku na katika maji yenye matope, mahali ambapo macho hayamfai sana. Kitini kinamtaja kama jamaa mwenye maisha yanayofanana na ya yule wa Amerika, lakini tarakimu za Caprio hatujamvika. Ni samaki wa familia nyingine, na kipimo cha mmoja si kipimo cha mwingine.

9 Februari

Tumeongeza ukurasa mmoja kuhusu tofauti ya kunusa na kuonja majini, baada ya mwanafunzi aliyesoma rasimu kuuliza kwa nini tunaiita ladha ilhali kitu kiko mbali na mdomo. Swali lake ni la haki. Nchi kavu, harufu huja kwa hewa na ladha huja kwa kugusa, lakini majini vyote viwili huletwa na vitu vilivyoyeyuka. Tofauti inayobaki ni ya seli na ya njia: seli za kunusa hupeleka habari mbele ya ubongo kwa neva ya kunusa, nazo seli za ladha hupeleka habari nyuma ya ubongo kwa neva ya saba, ya tisa na ya kumi.

Hata ndani ya ladha kuna mgawanyo wa kazi. Mwaka 1971 Jelle Atema alionyesha kwamba kambare aliyeondolewa eneo la ubongo linalopokea neva ya saba, yaani ile ya ngozi na masharubu, hushindwa kukitafuta na kukiokota chakula, lakini aliyeondolewa eneo la neva ya kumi, ile ya koo na matamvua, hukiokota asiweze kukimeza. Kwa mfugaji hili lina maana kubwa. Samaki anayekimbilia chakula kisha akakitema amepita mtihani wa kwanza na kufeli wa pili, na mitihani hiyo miwili haihitaji majibu yale yale.

20 Februari

Sasa tumefika kwenye kipokezi chenyewe. Mchoraji wetu amefanya kazi nzuri, na maelezo yanayofuata ndiyo yatakayokaa kando ya mchoro wake.

Vipokezi vinavyohusika zaidi kwa wanyama wenye uti wa mgongo ni vya familia iitwayo T1R. Kila kimoja ni protini ndefu yenye sehemu tatu: sehemu kubwa iliyo nje ya seli, shingo fupi yenye sisteini nyingi, na sehemu inayopita katika utando wa seli mara saba. T1R haifanyi kazi peke yake. Hufanya kazi mbili mbili, T1R1 na T1R3 pamoja, au T1R2 na T1R3 pamoja. Ile sehemu kubwa ya nje ina vipande viwili vinavyoweza kufunguka na kufunga kama magamba ya chaza, na amino asidi hukaa katikati yake. Inapokaa vizuri vipande hivyo hujifunga, umbo la jozi nzima hubadilika, na badiliko hilo hupita shingoni hadi ndani ya seli, ambako huamsha protini G, ambayo kazi yake ni kupitisha ishara ndani ya seli. Protini G huanzisha mfululizo wa kemikali unaotoa kalsiamu kutoka kwenye maghala ya ndani ya seli, kalsiamu hufungua mlango wa ioni (chembe zenye chaji) uitwao TRPM5, seli husisimka na kutoa ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, nayo ATP huamsha neva. Mfululizo huu umechunguzwa kwa undani zaidi katika panya, lakini vipande vyake muhimu, TRPM5 ikiwemo, vimekutwa pia katika seli za ladha za samaki.

Swali lililonisumbua tangu mwanzo wa mradi ni la kawaida sana lakini gumu kulijibu: inawezekanaje kipokezi kimoja kikapokea amino asidi nyingi zenye ukubwa tofauti na chaji tofauti, huku kikikataa vitu vingine? Vipokezi vingi vya mwilini huchagua kitu kimoja na kukataa vingine vyote. Jibu lilipatikana mwaka 2017, wakati kundi la Atsuko Yamashita wa Chuo Kikuu cha Okayama, Japani, lilipochapisha umbo la sehemu ya nje ya jozi ya T1R2 na T1R3 kwa kutumia fuwele na eksirei. Lilikuwa umbo la kwanza la namna hiyo kuonekana kwa kipokezi chochote cha familia ya T1R, na halikutoka kwa binadamu wala panya. Lilitoka kwa medaka, samaki mdogo wa mashamba ya mpunga ya Japani.

Kila amino asidi ina upande mmoja unaofanana na wa nyingine zote, wenye kundi la amino na kundi la kaboksili, na upande wa pili unaotofautiana, ambao ni mnyororo wa kando. Fuwele zilionyesha kwamba kipokezi cha medaka huushika kwa uthabiti ule upande unaofanana. Mnyororo wa kando huachwa uelekee kwenye nafasi pana iliyojaa molekuli za maji, na maji hayo hujipanga upya kulingana na umbo la mgeni aliyeingia. Kwa hiyo alanini ndogo, glutamini iliyo ndefu kidogo, arginini yenye chaji chanya na glutamati yenye chaji hasi zote hupata mahali pa kukaa, lakini kitu kisicho na upande ule wa pamoja hakishikiki. Kwangu hiki ndicho kiini cha kitini kizima, na nimemwomba mchoraji ayape maji hayo nafasi yake katika picha asiyafute kwa ajili ya usafi wa mchoro, kwa sababu ndiyo yanayokiwezesha kipokezi kukubali wageni mbalimbali.

Wakati huo huo tusimfundishe msomaji kwamba T1R ndiyo njia pekee. Kwa kambare wa Amerika, arginini ina njia yake: mwaka 1990 watafiti wa Philadelphia, miongoni mwao John Teeter na Joseph Brand, walieleza kipokezi ambacho chenyewe ni mlango wa ioni. L-arginini ikikikalia, mlango hufunguka papo hapo na ioni huingia, bila kupitia protini G. D-arginini, ambayo ni kama taswira ya kioo ya L-arginini, huzuia mlango huo. Prolini nayo ina mlango wake, ambao huhitaji kiasi kikubwa zaidi. Ndiyo maana neva za samaki huyo zikizoezwa alanini mfululizo hadi zikaacha kuiitikia, bado huitikia arginini kwa nguvu: ni vipokezi viwili vinavyojitegemea.

8 Machi

Nimeandika upya sehemu ya asili ya vipokezi, na hapa ndipo hoja ya kuanza na samaki inapojithibitisha.

Wanafunzi wanajua kwamba jozi ya T1R2 na T1R3 ni kipokezi cha utamu, na kwa mamalia wengi ndivyo ilivyo. Mwaka 2007 kundi la Keiko Abe wa Chuo Kikuu cha Tokyo liliziweka jeni za T1R za zebrafish (samaki mdogo anayetumiwa sana maabara) na za medaka katika seli za maabara na kuzijaribu kwa vitu vingi. Jozi ya T1R1 na T1R3 iliitikia amino asidi. Jozi za T1R2 na T1R3 nazo ziliitikia amino asidi, na sukari hazikuziamsha. Maana yake ni kwamba protini zenye jina linalotufanya tufikirie asali na miwa, kwa samaki hao, ni vitambuzi vya nyama.

Mwaka 2023 picha ilipanuka zaidi. Watafiti wa Japani, wakiwemo Hidenori Nishihara, Yasuka Toda na Yoshiro Ishimaru, walipekua jenomu za wanyama wengi wenye uti wa mgongo na kukuta matawi matano ya familia hii yaliyokuwa hayajaelezwa, wakayaita T1R4 hadi T1R8. Hesabu yao ilionyesha kwamba babu wa samaki wote wenye mifupa, na wa sisi tulio nchi kavu, alikuwa na T1R tisa. Mamalia walibakiwa na tatu, na samaki wengi wa leo wakabakiwa na makundi matatu kwa njia yao wenyewe, kiasi kwamba T1R2 na T1R3 za samaki na zetu si jeni zile zile zilizorithiwa moja kwa moja. Ni ndugu waliotokana na kurudufiwa kwa jeni zamani sana. Vipokezi vipya walivyovipima viliitikia amino asidi nyingi za lazima, zikiwemo zile zenye mnyororo wa matawi, kama leusini, ambazo hazikuwa zikidhaniwa kuwa vichocheo vya T1R.

Sehemu hii ina uhusiano wa kweli na pwani yetu. Jeni nyingine za kale zilitafutwa kwa silakanti, samaki wa kina kirefu aliyedhaniwa kuwa alitoweka pamoja na dinosau hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Anaishi pia Komoro na, kama ilivyothibitika tangu miaka ya mwanzo ya 2000, katika maji ya Tanga, ambako hifadhi ya bahari inayobeba jina lake ilianzishwa mwaka 2009. Kati ya jenomu za silakanti zilizochapishwa mwaka 2013 zimo za samaki waliopatikana Tanzania. Wavuvi wa Tanga waliowanasa katika nyavu za kina kirefu walichangia, kupitia samaki hao, katika kujua babu zetu wa majini walionja nini, na kitini kitawatambua kwa sentensi kamili.

25 Machi

Tumesoma rasimu pamoja na wafugaji. Ni siku iliyonipa kazi nyingi kuliko nyingine zote.

Mama mmoja anayefuga kambare alisema, “Mwalimu, mfuko umeandikwa protini asilimia thelathini na tano, na wangu wa nyumbani nimeupigia hesabu ukafika hapo hapo. Wa dukani wanaugombania, wa kwangu wanautema. Protini si ni ile ile?” Chakula chake kilikuwa cha soya, mashudu ya alizeti na pumba. Nilimjibu kwamba asilimia iliyo kwenye mfuko hupima protini yote kwa jumla, nyingi yake ikiwa katika milolongo mirefu ambayo sharubu haliwezi kuigundua. Unga wa samaki unakuja na amino asidi huru nyingi, pamoja na nukleotidi (kemikali za jamii ya ATP) na betaini, na vyote hivyo huyeyuka mara vinapogusa maji. Soya ina protini nzuri yenye amino asidi huru chache, na juu yake ina saponini, ambazo ni chungu. Lishe inaweza kulingana kwenye karatasi huku ladha ikiwa mbalimbali kabisa.

Mzee aliyekaa karibu naye akauliza kama basi dagaa wowote watafaa, hata wale waliokaa stoo mpaka wakabadilika rangi. Jibu langu kwake limekuwa sehemu mpya ya kitini. Samaki anapokufa, ATP ya misuli yake huvunjika hatua kwa hatua hadi kuwa inosinati, na inosinati nayo hugeuka kuwa inosini, kisha hipoksanthini. Histidini, bakteria wakiifikia, hugeuka kuwa histamini. Kwa hiyo dagaa aliyekauka vizuri mapema na dagaa aliyeoza kabla ya kukauka wana majivu yale yale na nitrojeni inayokaribiana, lakini kemikali zinazoonjwa ni tofauti. Kuna samaki wanaozijali sana nukleotidi hizo: kwa turbot wa bahari za Ulaya, inosini na inosinati ndizo zilizoonekana, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1978, kuwa vichocheo vikuu vya kula.

Nimewasisitizia kwamba samaki hawafanani. Tilapia zillii, perege anayekula majani, huvutwa na amino asidi kama glutamati na asparteti, ambazo zinapatikana katika mimea anayoila. Kambare wa Amerika anashtuka kwa alanini na arginini. Kapi wa kawaida hukubali sisteini na prolini, na hukataa kwa kutema baadhi ya amino asidi ambazo samaki mwingine huzipenda, na hapa ieleweke kwamba anachokataa ni amino asidi ile ile anayoihitaji mwilini. Kipokezi hakipimi thamani ya lishe. Hupima umbo la molekuli, na ubongo wa kila jamii umepewa na historia yake tafsiri ya umbo hilo. Nimeona niliseme hili kwa uwazi kwa sababu wauzaji wa viungio vya chakula cha samaki hupenda kuahidi kivutio kimoja kwa samaki wote, na mfugaji mwenye mtaji mdogo ndiye anayelipia ahadi hiyo.

11 Aprili

Sura ya wanyama wa nchi kavu ni fupi kwa makusudi. Inaanza Tokyo mwaka 1908, Kikunae Ikeda alipotenga glutamati kutoka mwani wa kombu na kuitaja kuwa chanzo cha ladha aliyoiita umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Shintaro Kodama alipata inosinati katika vipande vya jodari mdogo waliokaushwa, na baadaye Akira Kuninaka akaonyesha kwamba glutamati na nukleotidi zikiwa pamoja hutoa ladha yenye nguvu kupita jumla yake. Maelezo ya kemia yalikuja mwaka 2002, maabara za Charles Zuker na Nicholas Ryba zilipoonyesha kwamba jozi ya T1R1 na T1R3 ya panya huitikia amino asidi nyingi za aina ya L, na kwamba inosinati huukuza sana mwitikio huo. Kipokezi cha binadamu ni chembamba zaidi katika uchaguzi wake, kikiegemea glutamati. Nukleotidi hukaa katika kipokezi hicho hicho karibu na mahali pa amino asidi, na huyasaidia yale magamba yabaki yamefungwa.

Paka ndiye mfano ninaoupenda katika sura hii. Mwaka 2005 iligundulika kwamba jeni yake ya T1R2 imekatika na haitoi protini kamili, ndiyo maana hajali sukari. Mwaka 2023 utafiti mwingine ulionyesha kwamba kipokezi chake cha umami kimebadilika mahali pa kushika glutamati, kiasi kwamba nukleotidi ndizo zinazokiamsha kwanza na amino asidi kama histidini huongeza nguvu. Nyama ya jodari ina histidini na inosinati kwa wingi, na hilo linaeleza kwa kemia tabia ambayo kila mchuuzi wa samaki wa pwani anaifahamu. Panda mkubwa, aliyeachana na nyama akashika mianzi, ana jeni ya T1R1 iliyoharibika. Pomboo wamepoteza uwezo wa jeni zote tatu, wakiwa wanameza samaki wazima bila kutafuna.

Ndege wa Amerika wanaokunywa nekta wakielea mbele ya maua walichukua njia ya kinyume. Ndege hawana T1R2, lakini mwaka 2014 Maude Baldwin na wenzake walionyesha kwamba kwa ndege hao jozi ya T1R1 na T1R3, iliyokuwa ya amino asidi, imegeuzwa ikatambua sukari. Mwaka 2021 ilionekana kwamba ndege waimbaji walipata badiliko la namna hiyo kivyao, mapema katika historia yao, na ukoo huo mpana ndio ulio na chozi wetu.

Sehemu ya wadudu nimeipunguza hadi aya moja. Nzi wa matunda huonja amino asidi kwa vipokezi vya familia tofauti kabisa, ambavyo ni milango ya ioni na IR76b ni mojawapo, na hakuna T1R hata moja mwilini mwake. Inatosha kumwonyesha msomaji kwamba haja ya kutambua amino asidi imepata ufumbuzi zaidi ya mara moja.

2 Mei

Tunaandaa zoezi la mwisho wa kitini, ambalo shule yenye tangi la samaki inaweza kulifanya. Tumeifuata njia ambayo Alexander Kasumyan wa Moscow ameitumia kwa jamii nyingi za samaki: vipande vidogo vya jeli ya agari vyenye rangi moja na ukubwa mmoja, vingine vikiwa na amino asidi moja na vingine vikiwa vitupu, hudondoshwa kimoja kimoja mbele ya samaki mmoja. Mwanafunzi huandika kama kipande kilinyakuliwa, kilikaa mdomoni muda gani, na kama hatimaye kilimezwa au kilitemwa. Kipande kitupu ni cha lazima, kwa kuwa samaki mwenye njaa hunyakua karibu kila kinachodondoka, na bila hicho hakuna cha kulinganishia.

Nimeongeza masharti matatu ambayo mwalimu asiyaruke. Anayehesabu asijue kipande kina nini, kwa maana jicho huona kile linachotarajia. Maji yabadilishwe kati ya amino asidi moja na nyingine, kwa sababu vipokezi vilivyozoea kitu huacha kukiitikia kwa muda. Tena asiye na amino asidi safi asitumie viungo vya mchuzi vya dukani badala yake, kwani chumvi iliyomo ni kichocheo cha peke yake na itaficha tunachokitafuta. Mwalimu aliye tayari kufanya zoezi hili na vifaranga vya kambare upande mmoja na vya sato upande wa pili atapata matokeo yenye faida kubwa zaidi, kwa kuwa wanafunzi wataona amino asidi ile ile ikisomwa na samaki wawili kwa namna mbili.

Kazi iliyobaki ni mchoro wa jozi nzima ya T1R ndani ya utando. Mwaka 2025 umbo kamili la kipokezi cha utamu cha binadamu lilichapishwa, kikiwa kimeshika sukralosi upande wa T1R2 peke yake, na sasa tunaweza kuliweka kando ya lile la medaka, ambalo amino asidi zilionekana pande zote mbili. Mchoraji ameshaanza kuzichora picha hizo kwa kipimo kimoja, na rasimu ya kurasa hizo itarudi kwa wafugaji kabla haijaenda kwa mchapaji.